Donda ndugu la mama wa Mwaloni, na barua nyingine tatu

Mwezi huu barua nne zilizonifikia zinahusu vidonda visivyotaka kupona. Nimefunga vidonda katika hospitali za hapa Mwanza kuanzia 1982 mpaka nilipostaafu mwaka 2018, na hadi leo nikipishana na mtu anayechechemea pale Igoma au Buzuruga, macho yangu hukimbilia kifundo chake cha mguu kabla ya uso. Kwa hiyo maswali ya presha yatasubiri toleo lijalo. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo Sista. Nina miaka 52, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nina kidonda mguu wa kushoto, juu ya kifundo kwa upande wa ndani, kina mwaka mmoja na miezi minane. Kilianza kwa muwasho. Ngozi ikawa nyeusi na ngumu, siku moja nikajikuna ikachubuka, basi, haijafunga tena. Nimenyunyizia unga wa vidonge vya rangi mbili, nimepaka GV, ile dawa ya zambarau, nimeosha kwa spiriti mpaka machozi yakanitoka. Duka la dawa wamenipa dozi tano tofauti. Kikikaribia kufunga, kinafumuka. Jioni mguu unajaa hadi ndala inabana, asubuhi umepungua. Sukari nimepima, sina. Ndugu zangu walinipeleka kwa mganga upande wa Misungwi, akanichanja kuzunguka kidonda, akasema nimekanyagishwa kitu na jirani yangu wa meza. Tangu siku hiyo mimi na yule dada hatusalimiani. Je, ni mkono wa mtu au ni damu chafu? Na niache biashara? (Mama wa dagaa, Kirumba)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kesho ukifika mezani, kabla hujafungua gunia, msalimie jirani yako. Hajakufanya lolote. Mguu wako umejieleza wenyewe ndani ya barua hii, na nitakuonyesha ni mahali gani.

Umesema kidonda kiko juu ya kifundo, upande wa ndani. Umesema ngozi iliwasha na kuwa nyeusi kabla hakijatokea. Umesema mguu unajaa jioni na kunywea asubuhi. Ungekuja na maneno hayo matatu kwenye chumba changu cha kufungia vidonda, ningekuuliza la nne tu: kwa siku unasimama saa ngapi? Na jibu nalijua, kwa sababu dagaa zangu nanunua hapo hapo Mwaloni, na ni nadra kumkuta mama wa pale ameketi kabla mzigo haujapungua.

Damu ikishashuka hadi kwenye unyayo inatakiwa kupanda tena mpaka moyoni. Fikiria nyumba za kule juu kwenye mawe ya Igogo: bila pampu, maji hayafiki. Pampu ya mguu ni shavu lake, ile nyama ya nyuma. Kila unapopiga hatua, shavu linajikaza na kuisukuma damu juu, na ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyojifunga ili damu iliyopanda isirudi. Mtu akisimama mahali pamoja miaka kumi na tisa, akawa amezaa, mwili ukanenepa, au aliwahi kupata damu iliyoganda mguuni, vile vilango hulegea. Damu inapanda kidogo, inarudi, inatuama chini. Majimaji yake yanavujia kwenye nyama, na huo ndio uvimbe wako wa jioni. Chembe nyekundu nazo zinavuja na kuacha madini ya chuma chini ya ngozi, na huo ndio weusi uliouona. Ngozi ya hapo inadhoofika na kuwasha, na ikifikia hali hiyo ukucha mmoja unatosha kufungua donda la miaka miwili.

Basi damu yako haina uchafu wowote, inakwama tu njiani ikirudi. Na dozi zile tano zilishindwa kwa sababu zilikuwa zinapigana na kidonda wakati ugonjwa uko kwenye mshipa. Mama yangu mzazi alikuwa akisema donda la namna hii linaitwa donda ndugu kwa sababu ukilifukuza kwa fujo haliondoki, mpaka ujue limekuja kufuata nini.

Tiba yako kubwa ni bandeji ya kubana. Najua unatarajia jina la dawa ya kupaka, lakini hilo ndilo jibu: bandeji inayofungwa kwa ufundi kuanzia pale vidole vinapoanzia, ikazunguka kisigino bila kuacha dirisha, ikapanda hadi chini kidogo ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya mzunguko uliopita. Chini inabana zaidi, juu inalegea kidogo. Inafungwa asubuhi ukiwa bado kitandani, kabla mguu haujajaa. Inafanya kazi ambayo vilango vimeshindwa.

Lakini usijifunge mwenyewe kabla hujapimwa, tafadhali. Kuna watu wenye vidonda vya miguu ambao shida yao ni mshipa unaoleta damu, umeziba. Ukimbana mtu huyo unaweza kumuua mguu. Dalili zake ni mguu wa baridi, maumivu ya shavu anapotembea yanayoisha akisimama, na maumivu ya usiku yanayopungua akiuning'iniza mguu nje ya kitanda. Nenda hospitali, siyo duka la dawa. Useme wazi kwamba unataka mapigo ya mguu yapimwe na presha ya kifundoni ilinganishwe na ya mkono ili ujue kama unaruhusiwa kufungwa bandeji ya kubana. Wapime pia upungufu wa damu na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa vyote viwili huchelewesha kidonda. Na kwa kijana anayesoma hapa mwenye kidonda kifundoni kisichopona: Kanda yetu ya Ziwa ina watu wengi wenye selimundu (sickle cell), na selimundu nayo hutoboa hapo hapo. Omba kipimo chake.

Sasa kidonda chenyewe. Spiriti iache. Dettol iache. Ile dawa inayotoa povu, iache. Zote zinaua vijidudu kweli, lakini zinaunguza na ile nyama changa nyekundu inayojaribu kuota. Sisi wenyewe miaka ya themanini tulikuwa tukimimina yusoli, ile dawa ya klorini, ndani ya vidonda asubuhi na jioni, tukiamini tunasafisha, na wagonjwa wakivumilia ule mwasho kwa heshima kwetu. Naumia nikikumbuka. Chemsha maji, weka chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila nusu lita, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, yatumie siku hiyo hiyo. Mimina taratibu, usisugue. Kausha pembeni, siyo ndani. Weka gozi isiyogandia kidonda, au gozi yenye vaselini, kisha bandeji. GV haitasaidia, tena inapaka kidonda rangi mpaka nesi anashindwa kuona kama nyama ni nyekundu au imeoza.

Kuhusu rangi mbili nitakusimulia kitu kimoja. Alikuja baba mmoja kutoka Sengerema, amevuka na kivuko cha Kamanga alfajiri, mguuni ana ganda gumu lenye upana wa kiganja. Alikuwa akipasua vidonge na kunyunyizia unga kila siku, wiki sita. Akaniambia kwa furaha, "Sista, kimekauka." Nikaloweka lile ganda kwa gozi zenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, nusu saa nzima, tukizungumza habari za pamba. Likaanza kuinuka pembeni kama gamba la sato. Nilipoliinua kwa kibanio, usaha ulitoka kijiko kizima, na kidonda kilikuwa kimechimba chini kwa chini kuliko tulivyokiona juu. Alinyamaza, akauangalia mguu wake kama wa mtu mwingine. Unga ule haukutibu chochote. Ulimjengea usaha paa. Antibayotiki ina kazi yake pale maambukizi yanapoenea: homa, joto kuzunguka kidonda, uvimbe unaotanda, maumivu yanayozidi. Na sisi wenye ngozi nyeusi tusisubiri kuona wekundu. Gusa kwa mgongo wa mkono, usikie joto.

Chukua nailoni safi ya pakiti ya gozi, ile sehemu inayopitisha mwanga. Iweke juu ya kidonda na uchore ukingo wake kwa kalamu, uandike tarehe. Nakili mchoro kwenye daftari, kisha nailoni hiyo uitupe. Fanya hivyo kila Jumapili. Macho yanadanganya, ila mchoro utakuonyesha kama kinapungua. Kikitunzwa sawasawa, wiki ya nne kiwe kimepungua vya kutosha hata mtoto aone tofauti. Kwa bandeji nzuri wengi hufunga ndani ya miezi 3 hadi 6. Chako kimeshapita mwaka, kwa hiyo kama ukingo umeinuka kama mdomo wa chungu, au kunaota nyama kama koliflawa, au kinatoa damu ovyo, mwombe daktari akate kinyama kidogo kikapimwe. Donda la miaka linaweza kugeuka saratani. Haitokei mara nyingi, ila inatokea.

Biashara usiache. Tafuta kiti, na kreti la kupandishia mguu wakati wateja hawapo. Ukiwa umesimama, inuka kwa vidole na kushuka mara ishirini kila baada ya muda, hiyo ndiyo pampu. Zunguka soko. Mchana na jioni lala chali nusu saa, mguu ukiwa juu kuliko moyo. Kuuweka kwenye kigoda hakutoshi, maana bado uko chini ya moyo. Kikipona, utaendelea kuvaa soksi za kubana kila siku ya kazi, kwa sababu vilango havitarudi kuwa vipya. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: wanapona, wanavua, na mwaka haujaisha wamerudi.

Na zile chale. Uliza kama wembe ulikuwa mpya. Kama huna hakika, waambie hospitali wakupime homa ya ini pia, na wakuchome chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ilikuwa lini.

SWALI: Habari za siku, Sista. Mimi ni mvuvi wa Kayenze, miaka 58, nina sukari tangu 2015. Miezi miwili iliyopita nikisaidia jamaa kupakua sangara nilikanyaga mwiba wa pezi. Nikautoa. Pamebaki tundu chini ya kidole gumba, linatoa majimaji yenye harufu kidogo, ila haliniumi hata chembe, na ziwani naingia kama kawaida. Mke wangu ananisumbua niende hospitali. Naona anakuza mambo. Sasa hivi ni giza, dagaa wanatoka vizuri. Nasubiri mbalamwezi iingie tupumzike, ndipo niende. Unipe dawa ya kupaka kwa sasa. (Mvuvi, Kayenze)

JIBU: Kaka yangu, usisubiri mbalamwezi. Nenda kesho asubuhi, na mkeo aende pamoja nawe, kwa sababu ndiye aliyeuona ugonjwa.

Unaniambia haliumi ili nisiwe na wasiwasi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Mwiba wa sangara ukimchoma mtu mwenye miguu mizima, anapiga kelele na wiki nzima anakanyagia kisigino. Wewe umekanyagia tundu lile miezi miwili. Sukari imeutia ganzi unyayo wako. Maumivu ni mlinzi, na kwako mlinzi amelala.

Nitakueleza habari ya baba yangu, nayo siielezi mara nyingi. Alikuwa Ukerewe, ana sukari, mwembamba, mchapakazi. Mwaka 1986 alinunua viatu vipya kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, vikamtoa lengelenge chini ya kidole. Lilipasuka, likawa tundu. Mimi nilikuwa nesi wa miaka minne kazini. Nikachukua likizo, nikapanda meli ya Nansio, nikakaa naye wiki tatu. Nilikiosha kile kidonda kila asubuhi kwa mikono yangu, nikakifunga bandeji nyeupe safi mpaka majirani wakanisifu. Na kila asubuhi, nikishamaliza kufunga, baba alisimama, akashukuru, akatembea kwenda shambani juu ya kidonda hicho hicho. Sikumkataza. Sikujua kwamba nilipaswa kumkataza. Nilidhani kazi yangu ni gozi na dawa. Alikatwa mguu chini ya goti mwezi wa nane mwaka huo, na ile bandeji yangu nzuri haikumsaidia chochote.

Kwa hiyo sina dawa ya kupaka ya kukupa. Nina agizo moja: usikikanyage. Tangu utakapomaliza kusoma hapa, tafuta magongo au fimbo, uzito usiende pale mbele ya unyayo. Hospitali nyingine hufunga plasta ngumu maalumu inayoondoa uzito kwenye kidonda, waulize. Kidonda cha sukari kinachokanyagwa hakiponi, hata ukipakwa dawa ya bei gani.

Ukifika, mwambie daktari mambo haya bila kuyapunguza: mwiba wa samaki, miezi miwili, harufu, ganzi. Mwiba unaweza kuwa umekatikia ndani. Atapenyeza kijiti safi cha chuma kwenye tundu aone kama kinagusa mfupa, na atapiga picha ya mfupa. Mfupa ukiwa umeingiliwa, dawa ni ya wiki kadhaa na wakati mwingine sehemu husafishwa kwa upasuaji. Atapima sukari, na nakuomba umwambie ukweli kuhusu dawa unazoruka ukiwa ziwani. Ukipata homa kabla ya asubuhi, au kidole kikawa cheusi, au uvimbe ukapanda, usingoje kupambazuke.

Ziwani usiingie na tundu hilo. Maji yale unayoyapenda yana wadudu wanaopenda vidonda, mbali na kichocho unachokijua. Usiuweke mguu kwenye maji ya moto wala karibu na jiko. Nimewafunga watu wenye sukari walioungua hadi nyama wakiota moto, hawakusikia chochote. Na mguu ule mwingine, mzima, mkeo auangalie kila jioni kwa tochi, chini na katikati ya vidole. Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute. Niliwahi kukuta kizibo cha soda ndani ya buti la mtu aliyetembea nalo toka asubuhi.

Dagaa watatoka tena giza lijalo. Mtumbwi mpe kijana wako.

SWALI: Shikamoo mama. Mdogo wangu ana ualbino, ana miaka 23, tunalima mpunga upande wa Magu. Ana kidonda nyuma ya sikio, miezi mitano sasa. Kinaota ganda, ganda linadondoka, kinatoa damu, kinaanza tena. Hakina ukubwa, kama punje ya mahindi. Tumepaka mafuta ya kondoo na dawa ya fangasi. Tuendelee na ipi? (Kaka yake, Magu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiendelee na yoyote. Kidonda kwenye ngozi ya mwenye ualbino, mahali panapopigwa na jua, kikipita wiki nne hakijapona, kichukulie kuwa ni saratani ya ngozi mpaka daktari aseme siyo. Umesema sikio, umesema ganda na damu inayorudi, umesema miezi mitano. Hiyo ni picha kamili.

Nakwambia waziwazi kwa sababu kikiwa cha punje ya mahindi, kinakatwa, kinapelekwa maabara, na mara nyingi mambo yanaishia hapo. Nimewaona waliokuja kikiwa kimekula sikio zima. Wengi walikuwa wamechelewa kwa kupaka hiki na kile, na wengine kwa kuogopa kusafiri, nasi tunajua kwa nini watu wenye ualbino wa kanda hii waliogopa kusafiri. Usimwache aende peke yake. Panda naye gari, mkae pamoja hospitali. Bugando wana madaktari wa saratani, si lazima kufika Dar es Salaam.

Daktari amwangalie ngozi yote siku hiyo: uso, midomo, shingo, mikono, na achunguzwe tena mara kwa mara maisha yake yote. Shambani aingie alfajiri na kurudi jioni. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni akae kivulini. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, maana kapelo inaacha masikio nje, na ndipo palipotoboka. Mikono mirefu. Ulizeni pia mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun, yanatengenezwa kule Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na huwafikia kupitia kliniki na vyama vyao.

Ukipata majibu ya maabara niandikie. Nitasubiri barua yako.

SWALI: Shikamoo mama. Nina siku 24 tangu nijifungue kwa upasuaji. Mshono umefunguka upande mmoja, urefu kama njiti ya kiberiti, unatoa maji kidogo. Mama mkwe wangu ametoka Bariadi kuja kunilea. Amenikataza mayai, maharage na samaki, anasema vinaleta usaha, nakunywa uji mtupu. Ananiambia nikiache wazi kikauke. Jirani naye anasema nipake asali. Sitaki kumkosea mama. (Mzazi mpya, Buhongwa)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Kwanza rudi ulikofanyiwa upasuaji wakauangalie mshono ndani ya siku mbili hizi. Ukipata homa, tumbo likauma chini, au maji yakawa usaha wenye harufu, nenda saa hiyo hiyo. Mara nyingi kipande kidogo kama hicho ni uzi au maji yaliyotafuta njia, na kinajaa chenyewe kutoka chini kwenda juu kikitunzwa safi. Maji ya chumvi niliyomweleza mama wa Mwaloni hapo juu yanakufaa.

Uji mtupu ndio unaokuchelewesha. Mwili unaoziba kidonda na kutoa maziwa kwa wakati mmoja unajenga nyumba mbili, na tofali lake ni protini. Ukiunyima, unabomoa misuli yako. Mayai kula. Maharage kula. Sato, sangara, dagaa, kula. Ngumi moja ya dagaa kwenye mchicha kila siku ni dawa kuliko vidonge vingi nilivyowahi kugawa. Ongeza pera, papai au chungwa, kwa kuwa bila vitamini C ngozi mpya haishikani. Samaki haleti usaha. Usaha unaletwa na vijidudu, na samaki anakupa nguvu ya kupigana navyo.

Kuacha kidonda wazi kikauke, hata sisi tulifundishwa hivyo. Lakini mwaka 1962 mtafiti mmoja Mwingereza, George Winter, alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vilivyofunikwa na kubaki na unyevu vilifunga ngozi kwa haraka kama mara mbili ya vilivyoachwa vikaota ganda. Ngozi mpya hutambaa, na ganda kavu huizibia njia. Kwa hiyo funika kwa gozi safi, badilisha ikilowa. Kisilowe chapachapa, kisikauke kama kigae.

Asali ina nguvu kweli juu ya vijidudu, na hospitali nyingine huitumia, ila ile imesafishwa kwa ajili hiyo. Ya sokoni hujui imechanganywa na nini. Iache. Na kwa kuwa una kichanga mikononi: asali isimguse mdomoni mpaka atimize mwaka mmoja, hata kwa kulambishwa kidole. Inaweza kumletea ugonjwa wa kulegeza misuli hadi ashindwe kupumua.

Sasa mama. Ameacha nyumba yake Bariadi, anakuogesha, anabeba mtoto usiku ulale. Usimwambie amekosea. Nenda naye kliniki, akae ndani nesi anapoeleza, ayasikie kwa masikio yake. Mkirudi, mwambie, "Mayu, nesi amesema nile sato wa mchuzi mchana na yai asubuhi, na mimi napenda unavyopika wewe." Pesa ya samaki mpe yeye aende kununua.